Siku Uliyokataa Ng'ombe Ambao Hawakuwepo

Baba,

Mwangaluka. Naandika nikiwa hapa shuleni Magamba ninapofundisha, wanafunzi wapo nje wanafagia uwanja, nimepata nafasi kidogo. Nianze na ng'ombe, maana najua ungewaulizia wao kabla ya kutuulizia sisi. Wamepungua. Ulipoondoka tu ukapita ugonjwa wa miguu na midomo, ukabeba ndama wengi, na Baba Mdogo Masanja akahangaika na dawa mpaka akakonda. Waliobaki wanaendelea vizuri. Mama ni mzima, isipokuwa goti linamsumbua akiinama kupalilia. Kaburi lako tumelijengea, mbuzi hawapandi tena juu.

Ila kilichonifanya niandike ni Kabula. Mwanao wa mwisho amemaliza kidato cha nne. Matokeo bado hayajatoka, posa ikawahi. Familia moja ya Misunkumilo, watu wazuri tu, wana mifugo, na kijana wao si mlevi. Baba Mdogo akawaambia waje Jumapili waongee. Kabula hakuulizwa. Alinipigia simu akasema, "Dada, njoo," akakata.

Nilienda mapema. Nikamwambia Baba Mdogo kwamba mtoto anataka kuendelea na shule, asubiri hata matokeo. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilinitisha. Alisema tu, "Zizi unaliona. Na wewe siyo mwenye nyumba hii." Kweli, mwenye nyumba ni wewe, na wewe hupo. Nilikukasirikia kwa hilo, Baba. Nikaenda kusimama zizini na hasira zangu, na pale pale nikaikumbuka siku ya mahafali yangu. Nikacheka peke yangu mpaka Mama akaja kuniangalia kama niko sawa.

Sijui kama uliwahi kuielewa vizuri siku ile. Ngoja nikueleze ilivyokuwa kwa upande wangu.

Nilikupigia kwa simu ya matroni. Wewe ulikuwa umepanda kwenye kichuguu kile cha nyuma ya shamba, kwa sababu chini mtandao haushiki. Nikakwambia, "Baba, Jumamosi kuna mahafali yangu, mje." Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, sauti inakatika katika. Na sisi Wasukuma na ulimi wetu, mahari tunaiita mahali. Mimi nilikuwa wa kwanza kwetu kufika kidato cha nne, neno mahafali lilikuwa halijawahi kuingia nyumba ile. Ukasikia "maha" mwanzoni na "li" mwishoni. Ukauliza, "Shuleni?" Nikasema ndiyo, shuleni. Ukasema, "Nitakuja na wazee." Mimi nikaona umeamua kunipa heshima.

Kumbe ulikuwa umeelewa kwamba kuna mtu amepeleka mahari yangu kwa walimu.

Wazazi wengine walikuja na mataji ya karatasi za kung'aa, na keki, na watoto wadogo waliosukwa nywele. Wewe uliingia getini na Baba Mdogo na Mzee Nkwabi wa jirani, wote na fimbo, wote na kofia za pama, hakuna anayecheka. Mama ulimwacha nyumbani kwa sababu mambo ya mahari ni ya wanaume. Hilo mpaka leo hajakusamehe, na ndiyo maana hapendi hadithi hii isimuliwe. Nilikuona unawaangalia wanaume wote pale uwanjani, mmoja mmoja, kwa makini kabisa. Nilidhani unatafuta kiti.

Nikwambie jambo ambalo hatukuwahi kuliongea. Miezi ile nilikuwa nakuogopa. Wasichana wa kwetu Kasokola walikuwa wakimaliza shule tu zinakuja ng'ombe, wao wanaenda. Kukuuliza zamu yangu ni lini sikuthubutu. Siku ile niliimba na wenzangu nyimbo za kuaga, nikacheza. Wenzangu walikuwa wanalia kwa sababu shule imeisha. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu ya kinachofuata.

Mwalimu wa taaluma akashika kipaza sauti, akaita wazazi waje mmoja mmoja wawavishe watoto wao mataji na kuwaachia neno. Jina langu likaitwa. Ukaja mbele. Taji huna, zawadi huna, una fimbo. Ukakipokea kile kipaza sauti, ukakigeuza kwanza ukakiangalia, halafu ukasema kwa Kiswahili chako kile:

"Mimi baba yake. Nasikia kuna watu wameleta ng'ombe hapa. Wazichukue, warudi nazo. Huyu mtoto bado anasoma. Hata walete zizi nzima, mimi sitaki."

Uwanja mzima ulilipuka. Makofi, vigelegele, mbinja za wanafunzi. Mgeni rasmi alisimama akaja kukupa mkono. Alidhani umejiandaa, masikini, na kwenye hotuba yake akawataka wazazi wote wa Katavi waige mfano wa mzee huyu. Wewe ulikuwa unamkazia macho muda wote. Ulishaamua kwamba aliyeleta ng'ombe ni yeye.

Tulikuja kuelewana kwenye pilau. Uliniuliza taratibu, ukiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yako, "Mayu, huyu mwenye suti ndiyo bwana mwenyewe?" Ilibidi nikueleze mahafali ni nini, kuanzia mwanzo, na Mzee Nkwabi akinisaidia kwa Kisukuma. Ukasikiliza mpaka mwisho. Ukauliza, "Kwa hiyo ng'ombe hakuna?" Nikasema hakuna. Ukatafuna kwanza, ukameza, ukasema, "Basi tule." Baba Mdogo alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi. Swali nililoshindwa kukuuliza ulikuwa umelijibu mbele ya watu wote. Mzazi anaweza kutamka maneno mazuri kwa sababu kuna wageni. Wewe ulitoka nyumbani na fimbo ukijua unaenda kugombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa kwa ajili yangu. Niliondoka shuleni nakupenda, Baba. Kabla ya hapo nilikuwa nakuheshimu tu.

Sasa turudi kwenye Jumapili. Wageni wa Kabula walikuja, wakasalimia vizuri, wakasifia mvua na mahindi. Mimi nilipewa kazi ya kunawisha mikono. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote kichwani, ya sheria, ya shule, na nilishakubali kwamba nitafukuzwa. Nilipofika kwa Baba Mdogo na birika, akaweka mikono chini ya maji bila kuniangalia. Akasema, na kila mtu akasikia:

"Minza, siku ile shuleni, baba yako alisemaje?"

Maji yalimwagikia suruali yake. Nikayasema maneno yako vile vile, hata "zizi nzima" sikuinyoosha. Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Akajifuta mikono, akawaambia, "Mmesikia. Baba yao alishajibu. Mimi sina jibu lingine."

Hakuna aliyebishana. Walikula, wakaaga kwa heshima, wakaondoka. Nilipomfuata kumshukuru alinikatiza. Akasema ng'ombe hawatibiwi kwa asante, nikamuulizie dawa mjini Mpanda nikipita. Nimeshamuulizia.

Kabula alikuwa jikoni, anasikiliza dirishani. Siku ya mahafali yangu alikuwa mdogo, bado anachunga ndama, na kwa sababu ya Mama hakuna aliyewahi kumsimulia. Kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia. Akanishika mkono akaniuliza, "Dada, Baba alisema hivyo juu yangu?"

Ningeweza kumweleza kwamba aliyesimama pale mbele siku ile nilikuwa mimi. Nikamwambia ndiyo, alisema juu yako. Akakaa chini kwenye kigoda, akalia, akaacha, akaosha vyombo vyote.

Kwa hiyo, Baba, nimekuwekea maneno mdomoni na wewe huwezi kukanusha. Pumzika. Matokeo yakitoka nitampeleka kidato cha tano mwenyewe, na wakija wengine na mifugo yao watanikuta. Nakuahidi, nilichomwambia Kabula nitakifanya kiwe kweli.

Mwanao,
Minza