Barua Iliyoombewa Siku Ishirini na Sita

Jumapili, Waithaka. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi ya Julai imenikalia magotini kama mgeni asiyeaga.

Leo kanisani waliohitimu walisimamishwa mbele. Msichana mmoja akasema amesoma historia. Mama aliyekaa nyuma yangu akanong'ona, "Sasa hiyo inaliwa na nini?" Wenzake wakachekea kwenye vitambaa.

Mimi sikucheka. Swali hilo niliulizwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipotoka chuo kikuu na digrii ya historia na fasihi. Shangazi mmoja aliniuliza historia inatibu ugonjwa gani.

Darasa letu tulikuwa kumi na mmoja. Saba walienda kufundisha, wawili wakaingia serikalini, mmoja akarudi kwao kulima chai. Wa kumi na moja ni mimi, na mimi nilitaka kuendelea. Nilitaka shahada ya pili, niandike habari za vile mashamba ya huku kwetu yalivyogawanywa, wakati wazee walioshuhudia bado walikuwa hai. Profesa wangu alinisukuma niombe. Nafasi ilikuwa moja.

Nikaomba. Nikingoja jibu nilikwenda Loresho kufundisha watoto wa familia moja kusoma, nikilala huko huko, Jumapili pia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wakati huo hatukuwa na sanduku la posta. Kijiji kizima kilitumia la kanisa. Ibada ikiisha, karani alisimama kwenye ngazi na kusoma majina, na kama hupo, mtu wa kwenu anasema "lete" na kupokea. Sasa, baba yangu na baba mdogo walikuwa wamezaliwa tumbo moja, na kila mmoja alimpa binti wake wa kwanza jina la mama yao, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hiyo kulikuwa na Miriamu Wambui, ndiye mimi, na Magareti Wambui, ndiye Magi. Na mimi, msomi, nilijaza fomu kwa haraka nikaandika "M. Wambui", basi.

Magi alikuwa ameomba chuo cha ukarani na taipu. Baba mdogo aliposikia "M. Wambui" na kuona muhuri wa chuo kwenye bahasha, alisema "lete".

Hakuifungua. Baba mdogo alikuwa mtu wa maombi, na kwake barua kubwa haikufunguliwa kabla ya kuombewa mbele ya watu. Akaiweka ndani ya Biblia, akapanga chai, akangoja ndugu wote wapate Ijumaa moja jioni. Mbuzi akachinjwa. Nikaitwa kutoka Loresho, kwa sababu ni nani mwingine angesoma Kiingereza cha chuo bila kukwama?

Naikumbuka nyumba ile ya Mutuini kama niko ndani: moshi wa kuni, mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, wazee wamevaa makoti ya siku za harusi. Magi alikaa karibu nami na gauni la manjano, mikono ameibana katikati ya magoti. Waliomba muda mrefu. Halafu nikakabidhiwa bahasha.

Nilisoma mistari mitatu kimoyomoyo, nikarudi kulitazama jina kwenye bahasha.

"Soma kwa sauti," baba mdogo akasema. "Hatukuchinja mbuzi ndio usome peke yako."

"Baba, hii barua ni yangu."

Wakacheka. Mke wake akasema, "Wambui ni Wambui."

"Ni ya chuo kikuu. Wamenipa nafasi ya shahada ya pili."

Baba mdogo akapiga makofi. "Si ni nyumba moja? Furaha haijapotea njia." Na wote wakapiga makofi, mbuzi akawa wangu. Magi alisimama, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akaenda navyo jikoni.

"Walitaka niwajibu ndani ya siku kumi na nne," nikasema.

"Basi wajibu."

"Barua imekaa kwako siku ishirini na sita, baba. Zimezidi kumi na mbili."

Akanitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya maana. "Siku kumi na mbili tu? Chuo chote kile kitashindwa na siku kumi na mbili?"

Kilishindwa. Jumatatu nilifika mjini ofisi hazijafunguliwa. Karani wa chuo akaniambia, kwa upole, kwamba nafasi amepewa aliyenifuata. Akatoa fomu nyingine kwenye droo. "Omba tena mwakani, dada. Profesa wako amekuulizia mara mbili."

Wiki iliyofuata nikaingia kampuni ya bima. Aliyenihoji aliuliza historia ingemsaidia nini. Nikamwambia kazi yangu chuoni ilikuwa kusoma maelezo ya watu watatu juu ya jambo moja na kujua nani anadanganya. Akanipeleka idara ya madai. Hesabu za bima nilijifundisha mwenyewe saa ya chakula, kwenye benchi la bustani, na miaka tisa baadaye idara ilikuwa yangu. Lo, mji ule. Taipu zikilia kila ghorofa, harufu ya kahawa ikichomwa, na mimi na viatu vyangu vya kisigino nikijiona nimefika.

Miaka yote hiyo nimesimulia kwamba baba mdogo ndiye aliyenikosesha shahada ya pili. Nimeisimulia harusini na matangani. Alipokuwa anaumwa ugonjwa wa mwisho alinishika mkono akasema, "Miriamu, ile barua bado inanisumbua." Nikamwambia yameisha. Sikumwambia zaidi.

Zaidi ni haya. Kutoka ofisini kwangu hadi chuo ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Mwaka uliofuata ulifika, nafasi ikatangazwa, na ile fomu nilikuwa nayo. Sikuijaza. Nilikuwa na meza, simu yangu mwenyewe, na watu wa kuniita madam. Na niliogopa profesa angeona akili yangu imepoa. Mwaka mwingine, vilevile. Halafu wale wazee wa mashamba wakaanza kufa mmoja mmoja, nami nikaacha kuhesabu.

Siku kumi na mbili zilikuwa za baba mdogo. Zilizobaki ni zangu.

Yeye alikufa akiamini ni zake zote.

Magi yuko hai, na hadi leo, tukikutana, huniomba msamaha kwa niaba ya baba yake. Nami huupokea.

Kesho, kabla ya chai, nitampigia simu nimweleze habari ya ile fomu.