Mazoezi ya Baba Kiangazi Hiki

Stavanger, 4 Juni 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ng'ombe wameshatoka zizini. Sisi huku hatujambo. Terje yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, nami nimebaki na mvua ya mji huu, ambayo haijui kuacha.

Baba, nimetuandikisha sote wawili kwenye Mbio za Chumvi za Machi ijayo, za kuteleza kwenye theluji kuvuka mlima. Najua ulisema baada ya kumzika Mama kwamba hupandi tena ule mlima na kifurushi cha chumvi mgongoni. Nilikusikia, na nimepuuza. Tangu nilipoolewa na Terje huku pwani hatujateleza pamoja hata siku moja. Nataka kuvuka mlima nyuma yako mara moja tena, nikifuata visigino vyako, kama enzi zile nikiwa msichana na mikanda ya kifurushi ikinikata mabega.

Kwa hiyo mazoezi yaanze sasa, kama ulivyonifundisha mwenyewe kwamba anayengoja theluji ndipo ajitayarishe ameshachelewa. Mimi nimenunua ski za magurudumu, za kutelezea lami badala ya theluji. Nateleza kwenye barabara ya bandarini, madereva wananipigia honi, na juzi bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hiyo theluji umeiona wapi?" Wewe fanya yale ya zamani: kupanda mlima kwa fimbo, mundu, makasia ziwani. Niandikie kila unachofanya.

Bintiyo,
Ragnfrid


Brekke, 28 Juni 1979

Ragnfrid mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, unisamehe, kulikuwa na shughuli. Mimi ni mzima. Ng'ombe wako juu malishoni na yule mwekundu amezaa. Msalimie Terje, mwambie ale vizuri.

Umeniingiza kwenye mbio bila kuniuliza, kama mama yako alivyoniingiza kwenye kwaya ya kanisa, na unakumbuka kwaya iliishia wapi. Haya, tutaona. Lakini hizo ski zenye magurudumu ni za watu wasio na nyasi za kukata. Ukianguka kwenye lami utalala kifudifudi mbele ya bibi yako huyo.

Mimi nimeanza. Asubuhi nakata nyasi kwenye lile shamba la mteremko ambalo hata farasi hulikataa. Ukiushika mundu mrefu sawasawa, tumbo na mgongo vinafanya kazi ile ile ya kusukuma fimbo kwenye theluji. Jioni napiga makasia hadi kisiwani na kurudi. Ziwa limetulia wiki hii. Nikifika katikati naacha makasia, nasikiliza kengele za ng'ombe huko juu, na naona kama nikigeuka nitamkuta mama yako, Åsne wangu, ameketi nyuma na kofia yake ya majani, ananiambia, "Gjermund, umechoka au unatafuta kisingizio?" Kisha naendelea.

Baba yako


Stavanger, 15 Julai 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na joto? Hapa bado mvua. Terje amerudi na anakusalimu sana, anasema anakula.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi mikunjo imelegea. Nikiwa barabarani na miguu inawaka, nakuwaza wewe kwenye mteremko na mundu, basi naona haya kupumzika. Nimekuwa na nguvu, Baba. Kile kilima cha nyuma ya kanisa nilichokuwa napanda huku nahema, sasa nakipanda huku naimba.

Jana nilicheka peke yangu njiani. Nilikumbuka kile kiangazi ulichotaka tufanye mazoezi na chumvi yenyewe, eti mawe hayakai mgongoni kama chumvi. Tulipofika malishoni ikanyesha, chumvi ikayeyuka na kutiririka kwenye suruali yako, na ng'ombe wote wa bonde wakakufuata wanakulamba miguu. Ulikuwa unawapigia kelele, nao wanazidi kuja. Mama alikaa chini kwenye nyasi zenye maji akacheka hadi akashika mbavu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama siku ile. Naitamani, Baba.

Endelea kuniandikia.

Bintiyo,
Ragnfrid


Brekke, 6 Agosti 1979

Ragnfrid mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa barua. Hali hapa ni njema, nyasi zote ziko kwenye vichanja na zimekauka vizuri.

Hao ng'ombe waliniharibia suruali ya kwendea mjini, na mama yako hakunihurumia hata kidogo. Lakini ni kweli, ilikuwa siku nzuri.

Sasa nimeingia mazoezi makali. Jana nilikivuka Kinamasi Kikubwa kwa fimbo, nikiruka kutoka upande wa birika la kunyweshea ng'ombe hadi kwenye msitu, kwenda na kurudi, mpaka jasho likaniingia machoni. Unajua kinamasi kinavyovuta mguu. Ukitoka pale, theluji ya Machi ni kama sakafu ya kanisa. Jua lilikuwa limeinama, mbu wengi, na maji baridi yaliingia kwenye viatu. Nilijiona kijana. Niliwasikia nyinyi wawili nyuma yangu, wewe unalalamika, mama yako anakuimbia ili unyamaze.

Usilegee. Machi haiko mbali.

Baba yako


Stavanger, 13 Agosti 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na safari hii natumaini kwelikweli.

Mara ya kwanza niliifurahia barua yako. Nilimsomea Terje kwa sauti. Kisha nikawa dukani, nimeshika chupa ya jemu ya beri, na moyo ukanipasuka.

Baba, ni Agosti. Kinamasi Kikubwa sasa hivi kimejaa multe, zile beri zetu za kinamasini, zimeiva, za dhahabu, kila hatua. Hakuna mtu wa bonde letu anayekanyaga pale kipindi hiki ila kwa kunyata, na ndoo mkononi. Mimi ulininyima chakula cha jioni kwa kuponda multe chache tu, nikiwa mdogo wa kufika kwenye mkanda wako. Ulimfukuza mtoza kodi pale, na viatu vyake vya ngozi. Wewe huwezi kurukaruka kwenye kinamasi kile mwezi huu, hata ukiwa umelewa.

Hukwenda. Na kama hukwenda kule, sijui kama ulikata nyasi, wala kama uliingia kwenye mashua. Una nini, Baba? Niambie.

Bintiyo,
Ragnfrid


Brekke, 30 Septemba 1979

Mwanangu,

Natumaini wewe na Terje hamjambo. Umengoja muda mrefu, najua. Kalamu nimeishika mara nyingi nikaiweka.

Multe zimenishinda. Nilikuwa nimekaa dirishani jikoni naandika, nikasahau ni mwezi gani.

Barua yako ya Juni ilinifurahisha mno. Kesho yake nilichukua fimbo nikapanda njia ya malishoni. Sikufika hata kwenye lango la pili. Kifua kilinibana, nikakaa chini, na Sjugurd wa jirani ndiye aliyenikuta na kunirudisha. Daktari anasema ni moyo. Ameniandikia vidonge, amenikataza milima, mundu na makasia. Nyasi zote amezikata Sjugurd na wanawe.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeweka hizo ski zako za magurudumu uvunguni na kuanza kunililia. Na kuna jambo jingine, nalo ni la aibu kidogo kwa mzee. Nilipokuwa nakuandikia, nilikuwa nakwenda kweli. Mteremko niliukata wote. Ziwa nililivuka. Mama yako alikuwepo na wewe ulikuwepo, na magoti yangu hayakuwa na neno. Ulikuwa ni kiangazi kizuri sana, Ragnfrid, ingawa sikutoka jikoni.

Usinikasirikie sana.

Baba yako


Stavanger, 9 Oktoba 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Vidonge unavimeza? Unalala vizuri? Nani anakupasulia kuni?

Nimelia, na nimekukasirikia, na kisha nimelia tena. Nilimwandikia mama mmoja niliyesoma naye, aliye kwenye kamati ya mbio, ayafute majina yetu yote mawili, lakini barua bado iko mezani. Sikutaka mbio, Baba. Sijali nani anafika wa kwanza bondeni na chumvi yake. Nilitaka visigino vyako mbele yangu. Bila wewe, ule mlima ni baridi tu na upepo, na baridi na upepo ninavyo hapa bure.

Ski za magurudumu ziko uvunguni, kama ulivyosema. Nitakuja Krismasi, tukae karibu na jiko.

Bintiyo,
Ragnfrid


Brekke, 18 Oktoba 1979

Ragnfrid,

Salamu nyingi. Vidonge nameza. Kuni napasuliwa na Sjugurd, vibaya. Theluji ya kwanza imelala juu ya vilele.

Ile barua ya mezani ichane. Sikukufundisha kuteleza ili unisubiri. Sikuwa nakusubiri hata ulipokuwa na miaka kumi, na mama yako aligombana nami kwa hilo mpaka anakufa.

Sikiliza. Mimi nimekudanganya kiangazi kizima, lakini wewe hukunidanganya. Ulikuwa barabarani kweli, kwenye mvua. Nilikuwa nakaa hapa nasoma jinsi unavyokipanda kile kilima unaimba, na kifua kilikuwa chepesi siku nzima. Hayo ndiyo mazoezi niliyobaki nayo, na wewe unataka kunifungia hata hayo. Zitoe uvunguni. Niandikie kila wiki: umekwenda wapi, mguu upi ulikuuma, nani alikupigia honi. Usinipambie.

Kuja Krismasi, njoo. Lakini uje na ski.

Baba yako


Brekke, 12 Machi 1980

Ragnfrid mwanangu,

Natumaini barua hii imekukuta salama hapo Vik, mbio zinapoanzia, kwenye nyumba ya wageni, na Terje amekukumbusha kula uji. Mimi sijambo. Barua zako zote za majira ya baridi nimezisoma, nami niko tayari kuliko nilivyowahi kuwa.

Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine, basi nakuambia. Jumamosi nitakuwa juu, kwenye kibanda cha katikati ya mlima. Daktari amekubali, baada ya mabishano, mradi nisitembee. Sjugurd atanipandisha kwa skuta yake ya theluji, nimefungwa mablanketi. Wameniweka kwenye meza ya kuwagawia watelezaji vikombe vya juisi moto ya beri nyeusi. Pembeni yangu atakuwa mjane wa mchungaji, ambaye huongea bila kupumua, kwa hiyo nihurumie.

Utatokea kwenye ule uwazi wa miamba na kushuka moja kwa moja kuelekea kwangu. Nitakuona kutoka mbali, nakujua unavyobeba bega la kushoto. Usisimame. Nasema mapema ili tusibishane mbele ya watu. Usinikumbatie, usianze kulia, mlima ni mlima na nyuma yako kuna wenzako. Shika kikombe, kunywa, kitupe kwenye theluji, endelea. Ukisimama nitakumwagia.

Ila pita polepole kidogo, mwanangu, ili nivione visigino vyako.

Baba yako