Simu Ile Haikuwa ya Matapeli

Machimboni, karibu na Kharumwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mayu. Goti linaendeleaje, na mpunga umeshaota huko Tinde? Mimi mwili ni mzima, ila aibu imenijaa. Kulwa anayekusomea asiruke hata mstari mmoja, najua dada yangu atataka kunisitiri. Nimeshika simu mara nne nikwambie haya. Kila ukiitika, naishia kuuliza habari za mvua.

Unaikumbuka ile kompyuta ya ofisini niliyokusimulia, ya zamani, yenye chogo? Programu yake ya majedwali nayo ni ya zamani, na kompyuta mpya zinagoma kufungua mafaili yake. Bosi hataki kununua nyingine, nami nilikuwa nafurahi, maana hapa ni mimi peke yangu ninayeijua. Nilitembea kifua mbele, mama. Kabula, mtunza stoo, alinishauri orodha yetu sote wa machimboni, yenye namba za ndugu wa kupigiwa ajali ikitokea, tuiandike pia kwenye daftari. Nikamcheka, nikamwambia daftari ni la shule ya msingi.

Basi bosi akataka majina yapangwe kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikaiamuru ijipange. Programu za siku hizi huuliza kwanza kama safu nyingine nazo zihame. Hii inatii tu. Majina yakahama mistari, namba za simu za ndugu zikabaki palepale, kila mtu akapewa mama wa mwenzake. Sikukagua. Nikachapa, nikabandika ukutani, nikaenda zangu Geita kutafuta wino wa printa.

Siku hiyohiyo kifusi kilimwangukia Mabula, rafiki yangu wa Bugarama, kikamponda mguu. Msimamizi akatazama ukutani, akapiga namba iliyokuwa mbele ya jina lake. Ilikuwa yako.

"Mama, mwanao kaangukiwa na kifusi, wahi hospitali." Ukanipigia, simu yangu imeisha chaji. Kulwa aliniambia ulikimbia hadi kituo cha basi bila viatu. Jioni nilifika ofisini, nikasikia ya Mabula, nikaiona namba yako mbele ya jina lake kwenye ile karatasi, nikaelewa kila kitu, ndipo nikakupigia nikasema ni matapeli. Ukaenda kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu kawaumbua matapeli, watu wakapiga makofi. Mama, tapeli ni mimi.

Ilinipasa nimpigie mama yake Mabula saa ileile. Niliogopa ataniuliza kwa nini hakuambiwa mapema, bosi ajue, kazi iende. Nikairekebisha orodha kimyakimya, nikasema nitampigia kesho. Zikapita siku tatu ndipo nikampigia.

Siku hizo Mabula alilala wodini bila ndugu wa kumletea hata uji, akila cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Mguu umekatwa chini ya goti, na karatasi ya kukubali aliisaini mwenyewe. Mama yake alipofika, Mabula aligeukia ukutani.

"Sikuambiwa, baba," mama yule akamwambia.

"Uliambiwa siku ileile. Msimamizi alikupigia, ukaitika. Nyamaza tu."

Sasa mama huyo anatandika kanga chini ya kitanda, na mwanawe hasemi naye. Mimi ndiye nawapelekea uji. Juzi Mabula alinishika mkono akasema, "Shija, wewe ndiye ndugu niliyebaki naye." Nikainamia bakuli, nikakoroga uji uliokwisha kupoa.

Nimeanza kuungama kwako kwa sababu najua wewe utanisamehe, na huo nao ni woga. Mweleze mchungaji ukweli kuhusu ule ushuhuda. Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na shemeji, mume wa Kulwa, mwambie nilipomcheka kwa kuhesabu mifuko ya mpunga kwa vidole, nilikosa. Bibi msimwambie kitu, msalimieni tu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Tinde asubuhi hii, kisha naenda wodini moja kwa moja, kabla ya ofisini. Nitasimama hapo mama yake alipo, nimwambie Mabula: simu hakuipokea huyu, aliipokea mama yangu.

Mwanao aliyekuliza,
Shija