Meno Sita Kabla Rasto Hajafika

Jumanne, 9 Septemba 2025
Yametoka. Sita! Manne ya mbele juu, mawili ya chini. Daktari hapa Tororo alisema fizi zimeoza, usaha unaelekea kwenye taya — hakuna kungoja. Ganzi imeisha. Nimeuma pamba mpaka imelowa damu. Binti yangu Damalie alinipoozea uji, akatoka haraka. Nikamsikia analia jikoni.

Jumatano, 10 Septemba
Shavu limevimba, jicho la kushoto halifunguki vizuri. Jirani yangu Among kaniletea viazi vitamu — vya kuchoma! Aliponiona akashika mdomo wake mwenyewe, akacheka, akaomba msamaha.
Jumamosi Rasto anakuja na wazee wake kutoka Busia ya Kenya, kujitambulisha kwa kaka yangu Moses. Miaka saba ya ujane, leo mtu ananitaka — na mimi niko hivi. Hajui. Amepiga simu mara nne. Sikushika.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimejitazama kwenye kioo. Heri nisingejitazama. Mdomo umeingia ndani, ni bibi yangu mzaa mama kabisa. Nina miaka arobaini na tatu! Meno ya bandia ni mpaka fizi zipone, labda miezi mitatu.
Nilijaribu, "Karibuni wazee." Ikatoka hewa na mate.
Moses anasema nimwambie Rasto ukweli, kwani nimeiba? Nikaandika meseji. Nikaifuta. Nikatuma nyingine: tuahirishe. Sababu sikutoa.

Ijumaa, 12 Septemba
Rasto amekuja! Leo, peke yake. Mimi niko sakafuni nyuma ya mlango, naandika. Damalie amemwambia, "Mama hayuko. Ameenda Molo, hapo karibu tu." Rasto akasema basi ataningoja. Yuko barazani tangu saa nne.
Sasa anamwambia Damalie: kama mama yako amebadili nia, aseme tu, mimi si mtoto, nitarudi kwangu. Damalie ameingia kunitazama. Nimetikisa kichwa. Ametoka amekasirika.
Rasto ameinuka. Anaaga. Sauti imemkauka — sijawahi kumsikia hivyo.
Nimemwita. Jina lake limetoka "Rafto."
Viatu vyake vimesimama.
"Damalie," anauliza, "huyo ndani ni nani?"