Daktari wa Kunisimamia

Ijumaa, 8 Februari

Basi, nimeagwa! Wodi nzima, na keki juu. Bernadine ndiye aliyeioka, kaandika kwa sukari ya bluu: NENDA SALAMA BI DAKTARI. Nikamwambia mimi si daktari, ni muuguzi mtabibu – nitapima watu na kuwaandikia dawa, tena chini ya daktari. Akasema kwake hata anayepima joto ni daktari, kata keki. Miaka yote tumekuwa zamu moja. Akalia, nami nikamcheka.

Jumatatu ya tarehe 18 naanza kliniki ya Harlan Fork. Daktari Pruitt, mzee wao, amekubali kunisimamia.

Nimefika nyumbani nikaita, "Mama!" Mazoea. Mama tulimzika Novemba. Nimekula keki nimesimama jikoni.

Jumanne, 12 Februari

Bwana Ogle, meneja wa kliniki, kapiga simu. Pruitt kaanguka bafuni, wanawe wanamhamishia kwao Arizona. Hatasimamia mtu tena. "Bila daktari wa kukusimamia, sheria hapa Missouri hainiruhusu kukuchukua, Lorna. Mpate mwingine, hata kesho njoo."

Mpate! Kana kwamba wanauzwa dukani.

Alhamisi, 14 Februari

Nimepigia madaktari simu hadi sikio limekuwa moto. Mmoja: mgeni wa kazi ni mzigo, rudi ukiwa na uzoefu wa miaka miwili. Huo uzoefu nitautoa wapi nisipoajiriwa? Mwingine alidhani nauza bima, akakata.

Wodini sirudi. Nafasi yangu kapewa binti mwingine, na – ukweli – naona haya. Watu wameshanililia, leo nitokee mlangoni na mkoba?

Bernadine sijamwambia. Nitamwambia nikishapata daktari.

Jumatatu, 18 Februari

Siku yangu ya kwanza kazini. Ha! Bernadine hupita mtaa huu asubuhi akienda zamu, angeona gari langu bado lipo nyumbani. Basi nikavaa vizuri, nikaendesha hadi mji wa pili, nikashinda maktaba.

Kaniandikia: "Bi daktari! Umeshaua wangapi?"

Nikamjibu: "Bado. Naanza na wewe." Nikacheka peke yangu, kisha nikajisikia vibaya. Ni rafiki yangu wa pekee na namdanganya.

Jumatano, 20 Februari

Maktaba tena. Mzee wa meza ya pili anakohoa, kikohozi kibaya, cha chini kabisa pafuni. Mikono inaniwasha nimpime! Mwisho nikamwambia, baba, nenda ukapimwe leo leo.

"Kwani wewe nani?"

Nikahama meza.

Jumatatu, 25 Februari

Leo sijasema na mtu ila muuza petroli. Upweke umenikaba.

Alhamisi, 28 Februari

Sikutoka. Nimechoka kuvaa nguo za kazi nisiyokuwa nayo. Bernadine alikuwa mapumziko, akapiga simu, sikupokea. Akaacha ujumbe wa sauti.

Anasema amepiga simu kliniki ya Harlan Fork kuomba miadi kwangu. Wamemwambia sipo, sikuwahi kuanza. "Nitakugombeza, Lorna, usidhani umepona. Ila sikia kwanza. Nina uvimbe kwenye titi. Tangu Krismasi. Nilikuwa nakungoja wewe uanze, uzoee kidogo, ndipo nije. Kuvua nguo mbele ya mtu mwingine nimeshindwa, mwenzangu."

Tangu Krismasi! Muuguzi mzima, ambaye angemfokea mgonjwa kwa jambo hilohilo! Na kila jioni akiniuliza kazi ikoje, namwandikia: nzuri, wagonjwa wengi. Mungu wangu. Alikuwa ananiuliza lini aje, na mimi nilidhani anapiga soga.

Nimempigia mara mbili. Haitiki.

Gari lake hilo nje. Kazima injini, hashuki. Ameniona dirishani, nami nimemwona.

Siruhusiwi kumpima kama mtabibu, sina wa kunisimamia. Najua hospitali ya kumpeleka leo hii na mtu wa kumwona, na nitakaa naye. Lakini najua pia atasema, gusa wewe kwanza. Naogopa. Naogopa kuliko siku zote nilizowahi kuingia wodini.

Nimenawa mikono kwa maji ya moto, isimguse ikiwa baridi. Bado hajashuka. Nikitoka nikamwita kwa jina atalia, namjua. Natoka hivyohivyo.