Nukta Niliyokwambia Nimeiona

Baba,

Salaam aleikum. Nimekaa kwenye kiti chako hapa nyumbani, Kiwanjani, Isiolo. Mama ametoka kumwona jirani, na nataka nimalize kabla hajarudi.

Simu yetu ya mwisho hainitoki kichwani. Nilikwambia kwamba kwenye ile ramani ya eksirei ya anga, ambayo darubini iliyoko huko juu imeikusanya kwa miaka, nimeona nukta moja hafifu. Nikasema ni shimo jeusi kubwa kupindukia, linavuta gesi mpaka gesi inawaka, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili kutufikia. Wewe uliyepiga watu eksirei za kifua hospitalini mpaka ukastaafu, uliniuliza swali moja tu: "Umeangalia mara ya pili, ikaonekana tena?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimeangalia, Baba. Siku ya tano ukaanguka ukitoka msikitini.

Nilifika ukiwa umeshazikwa. Kila aliyekuja kutupa pole alinishika mkono akanieleza ulivyonisifu kwa nukta hiyo, wafanyabiashara wa mbuzi, wazee kutoka Kipsing, hata yule mama wa duka kutoka Nyeri. Niliitikia tu.

Wiki iliyofuata profesa wangu akaandika. Makala inatumwa Ijumaa, watafiti wengine wanakaribia kututangulia, kwa hiyo nithibitishe tu. Nikafungua kompyuta mezani, mama akiwa jikoni, nikatenganisha picha mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza, pale palikuwa peusi. Wa pili, peusi. Chembe zote za mwanga, za kuhesabika kwa vidole, ziliingia siku moja, kwa dakika chache. Kitu kikubwa vile hakiwezi kuwaka na kuzimika haraka hivyo. Ilikuwa hitilafu ya muda tu kwenye kamera ya darubini.

Nilikaa mbele ya ile barua pepe mpaka adhana ya alasiri. Ningenyamaza, pengine hakuna ambaye angegundua kwa miaka. Jina langu lingetangulia kwenye makala. Ningebaki yule binti uliyemtangaza. Nikaandika kwamba nukta si ya kweli, iondolewe.

Siku mbili, kimya. Siku ya tatu profesa akajibu mstari mmoja: makala imesimamishwa, rudi tuzungumze. Sijui kama ataniacha niendelee.

Lakini mama ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimwambia yote, na uongo niliokwambia pia. Aliacha kuchambua mchele, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Nilikuwa karibu naye siku hiyo," akasema. "Simu ilipokatika aliniambia hujaangalia. Akasema utaangalia."

Baba, ulijua. Ulijua, na bado ukaenda kunisifu kwa watu. Nililia kuliko siku niliyofika.

Kesho asubuhi narudi chuoni. Bado kuna sehemu kubwa ya ramani ambayo hakuna aliyeipitia vizuri, na nikiruhusiwa nitaanzia hapo. Mama nitampigia kila Ijumaa, na habari nitakayompa itakuwa ya kweli, hata ikiwa ni kwamba sijaona kitu.

Mola akupanulie ulipolala. Nisamehe.

Binti yako,
Halima