Kifua Kilichochaguliwa

Kiandutu, Thika
Juni 1998

Kwako dada yangu Kanini,

Pokea salamu nyingi kuliko mbaazi zilizomea huko kwetu baada ya mvua ya El Nino. Mama hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba? Shemeji na watoto je? Jirani yetu Mbaluka alipopita hapa alinieleza kwamba daraja lilisombwa na mnavuka mto kwa kamba. Mungu awalinde. Mimi nipo, ila siwezi kuandika kwamba ni mzima, kwa hiyo nitakueleza polepole.

Unajua kazi yangu ni kuchonga mawe ya kujengea, timboni upande wa Ruiru. Kifua kimeharibika. Nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Chumbani humu hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Jirani wa upande wa pili wa mabati hugonga akinisikia nakohoa, nami namgongea; hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Basi mwezi wa tatu alikuja daktari wa kike anayeitwa Gathoni. Anafundisha chuo kikuu na anakaa Kahawa Sukari. Alitaka kujua vumbi linatufanya nini, akatupulizisha kwenye kibomba cha kupima pumzi mmoja mmoja. Tulipokuwa tunakunywa uji alitueleza kwamba Amerika wataalamu walichukua panya wenye mapafu yaliyoharibika, wakawapa dawa ya jamii ya ile vitamini iliyo kwenye maini na karoti, na vile vifuko vidogo vya hewa vikaota upya. Kanini, hata wapiga kelele wetu walisogea karibu wasikie. Kisha akaninyooshea kidole, akasema nifike hospitali wiki ijayo.

Sasa elewa maisha yetu. Kila asubuhi tunasimama mlangoni mwa timbo, nyapara ananyoosha kidole, na anayenyooshewa ndiye atakayekula siku hiyo. Kwetu sisi kuchaguliwa ni kupata. Hakuna aliyeuliza zaidi, hata mimi. Wenzangu walinipigia makofi. Jared, Mjaluo tunayechonga naye shimo moja, alisema nikipewa mapafu mapya nimwachie ya zamani awe anayavaa siku za kazi. Na kwa kuwa mtu anayeacha timbo haondoki na nyundo yake, maana ni mkosi, nilimkabidhi yangu mbele ya watu wote.

Nilienda hospitali nimevaa shati la siku ya arusi yako. Daktari alinipiga picha ya kifua, akanionyesha mahali palipokuwa peupe ilhali pangepaswa kuwa peusi. Nikamuuliza dawa nitaanza kumeza lini. Alivua miwani. Kisha akasema dawa ile bado ni ya panya tu, tena panya wale hawakuharibiwa na vumbi la mawe, na hakuna ajuaye kama kifua cha mtu kinaweza kuota hivyo. Aliniita kwa sababu changu ndicho kibaya kuliko vyote. Aliniomba msamaha, lakini sikumlaumu. Yeye alisema panya tangu mwanzo. Hayo mengine tulijipa wenyewe.

Kurudi timboni ndiko kulikonishinda. Jared alitaka kunirudishia nyundo, lakini nyundo iliyotolewa hairudi, na kusema kweli mkono wangu hauiwezi tena. Sasa naponda kokoto na akina mama. Wananiita Panya. Jentrix, anayekaa karibu nami, huniuliza kila asubuhi kama kifua kimechipuka au bado kinangoja mvua. Tunacheka. Nikicheka sana nakohoa, wote wananyamaza, na ukimya huo siupendi.

Kuanzia hapa usimsomee mama.

Wiki iliyopita nilirudi kwa Daktari Gathoni. Nilimuuliza walijuaje kwamba mapafu ya panya yameota. Akasema waliwapasua wakatazama. Nikamuuliza ni nani amewahi kutazama ya mtu wa timbo. Akasema watu wetu huzikwa nayo. Nimemwambia nikifa, ayachukue yangu.

Najua nimesema nini. Ulikuwepo mjomba Kitonga alipokatwa mguu, tukauleta nyumbani umefungwa gunia, tukauzika, na alipokufa kaburi lake likachimbwa pale pale ulipozikwa mguu ili asilale nusu. Mimi nitalala nusu. Lakini Jared ameanza kukohoa asubuhi, naye ndio kwanza ameoa. Na mapafu yenyewe, Kanini, yatanifaa nini huko chini, ikiwa hapa juu yamenishinda?

Daktari amesema neno langu peke yake halitoshi. Ni lazima mtu wa damu yangu akubali, na nimempa jina lako. Ukikataa hatayagusa, nami sitakuwepo kukulaumu. Ila naomba usingoje nife ndipo ujibu. Nataka kulisikia neno lako ningali na masikio. Na kama unaweza kuacha shamba siku moja, usiandike. Njoo uniambie mwenyewe, hata kama ni kukataa.

Msalimie mama, mwambie kikohozi kinapoa. Msalimie shemeji, na watoto uwapake mate ya baraka kichwani kwa niaba yangu.

Ni mimi wa tumbo moja nawe,

Muthoka